Umekuwa wa ngapi? Swali letu la zamani ndilo Texas inalouliza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua za wazazi mlizozichapisha kuhusu watoto wetu na vyuo vikuu vya umma vya hapa Texas, na nimeona jambo moja likijirudia karibu katika kila barua. Mzazi anataja alama za mwanawe katika SAT, mtihani wanaoufanya wanaoomba vyuo vya Marekani, anataja asilimia ya waombaji waliokubaliwa mwaka uliopita katika chuo fulani, kisha anauliza kama mtoto ana nafasi. Ninaandika kwa sababu naamini tunapima kwa kipimo ambacho sicho, na wanaoumia ni watoto.

Sisi tuliosoma Tanzania tunaikumbuka ripoti ya kufunga shule. Chini ya alama za masomo palikuwa na mstari uliosema "amekuwa wa ... kati ya wanafunzi ...", na mwalimu wa darasa alijaza namba mbili kwa kalamu. Mzazi alianzia hapo. Kabla ya kuuliza umepata ngapi katika hisabati, aliuliza umekuwa wa ngapi, na ukimtajia wa tano alitaka kujua mko wangapi, kwa sababu wa tano kati ya tisa si wa tano kati ya themanini. Tulipofika Marekani swali hilo tuliliacha, wengine kwa kuona limepitwa na wakati, wengine kwa kuona linamwonea mtoto. Ajabu ni kwamba jimbo la Texas limeliweka swali hilohilo ndani ya sheria yake, na kwa maelfu ya watoto kila mwaka ndilo linaloamua.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1996, katika kesi ya Hopwood, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizuia vyuo vya Texas kuzingatia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo likapitisha mswada uliosimamiwa na mbunge Irma Rangel wa Kingsville na seneta Gonzalo Barrientos wa Austin, na Gavana George W. Bush akautia saini. Sheria hiyo ilisema kwamba mwanafunzi anayemaliza sekondari ya Texas akiwa katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake atakubaliwa moja kwa moja katika chuo kikuu chochote cha umma cha jimbo. Haikujali shule iko Houston mjini au katika kijiji cha wafugaji magharibi mwa jimbo, wala haikuuliza jina la shule. Iliuliza tu: kati ya wenzako mliosoma pamoja, wewe ni wa ngapi?

Baadaye Chuo Kikuu cha Texas (UT) cha Austin, ambacho tumezoea kukiita Austin tu, kilielemewa, kwa kuwa waliokuja kwa njia hiyo walikaribia kukijaza chote. Mwaka 2009 sheria ikarekebishwa kwa ajili ya Austin peke yake, ili waingiao moja kwa moja wasizidi asilimia 75 ya nafasi zinazotengwa kwa wakazi wa Texas wanaoanza mwaka wa kwanza. Kutokana na hilo kiwango cha Austin si asilimia 10 tena. Kwa miaka kadhaa kilikuwa asilimia 6, na Septemba 2024 chuo kilitangaza kwamba kwa wanaoingia 2026 kitakuwa asilimia 5. Bado nakutana na wazazi wanaodhani kuwa aliye wa tisa kati ya mia ana uhakika wa Austin. Hana. Texas A&M ya College Station, hata hivyo, imebaki na asilimia 10, na vyuo vingine vya umma vya jimbo navyo vinaifuata sheria ya awali.

Sasa turudi kwenye ile asilimia ya waliokubaliwa, ambayo watu huitaja kama bei ya sukari. Kwa mwaka wa masomo ulioanza 2024, Austin ilipokea maombi karibu 73,000, na kila aliyeisikia namba hiyo aliingiwa na hofu. Lakini ndani ya kundi hilo wamo vijana wa aina mbili ambao hali zao hazifanani hata kidogo. Yuko aliye katika asilimia 3 ya juu ya darasa lake, aliyetimiza masharti na kutuma maombi kwa wakati. Huyu mlango wa chuo uko wazi kwa mujibu wa sheria. Yuko aliye katika asilimia 12, mwenye SAT nzuri pengine kuliko ya mwenzake. Huyu anagombea sehemu ndogo iliyobaki, pamoja na maelfu wenye alama kama zake. Asilimia inayotangazwa imewachanganya wote wawili, kwa hiyo haimhusu hata mmoja wao. Wa kwanza inamtisha bure, na wa pili inampa moyo ambao hana msingi nao.

Nayasema haya nikiwa nimeyapitia. Binti yangu mkubwa aliomba kuingia chuo mwaka 2023. Hakuwahi kupata chini ya A katika somo lolote tangu darasa la tisa, na mimi baba yake nilitembea nikijua kwamba Austin ni yake. Jioni moja ya Agosti, mwanzoni mwa mwaka wake wa mwisho, alitoa hati yake ya matokeo kwenye mkoba akaikunjua juu ya meza ya jikoni, kati ya vikombe vya chai, akaweka kidole kwenye pembe ya chini. Pameandikwa 58, mkwaju, 612. Hakusema kitu. Alichukua simu yake akagawanya, akanionyesha kioo: tisa nukta nne na ushee. Kiwango cha Austin kwa mwaka ule kilikuwa asilimia 6, maana yake kwa darasa lao ilibidi awe wa 36 au juu ya hapo. Nilimuuliza inawezekanaje mtoto mwenye A tupu awe wa 58. Akanijibu kwa upole kwamba wenzake walikuwa na A katika masomo yenye uzito.

Hapo ndipo nilipoelewa. Shule nyingi za hapa hupanga nafasi kwa wastani uliopewa uzito: A ya somo la kawaida inahesabiwa kidogo kuliko A ya somo la ngazi ya juu au la AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari. Mtoto aliyepata 92 katika somo zito anaweza kumpita aliyepata 98 katika somo la kawaida. Nikaikumbuka karatasi ya kuchagua masomo iliyoletwa nyumbani alipokuwa darasa la nane, karatasi ya njano yenye safu za visanduku. Mshauri wa wanafunzi alikuwa amekwisha kutia alama kwenye masomo ya kawaida tupu, akaniambia kwa simu kwamba ni vizuri mtoto aanze taratibu ili mzigo usimzidi. Nilitia saini nikiwa nimesimama, natoka kwenda kazini zamu ya usiku. Simtaji mtu wala shule, na sidhani kulikuwa na nia mbaya. Lakini mwaka mzima wa darasa la tisa binti yangu alikimbia mbio ambazo hata akishinda kila siku asingeweza kufika mbele, na aliyetia saini ni mimi.

Wakati huohuo kijana wa familia tunayosali nayo, wa shule nyingine, alikuwa na SAT ya 1420, na sote tulimwita mtu wa Austin. Alikuwa wa 71 kati ya 410. Aliomba uhandisi, na kwa kuwa tulimhakikishia mno hakuhangaika sana na maombi ya kwingine. Binti yangu alikubaliwa College Station mapema bila wasiwasi, kwa sababu wa 58 kati ya 612 yuko ndani ya asilimia 10. Kijana yule alisubiri hadi machipuko, akajibiwa kwamba hakupata. Leo anasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Houston na anaendelea vizuri, lakini ile miezi miwili ya aibu, mbele ya watu waliokwisha kumpongeza, tulimletea sisi.

Kuna sharti jingine ambalo wazazi wengi hawalijui, na nadhani ndilo linalowaangusha zaidi watoto wanaofika Texas wakiwa wakubwa. Kuwa katika asilimia 10 peke yake hakutoshi. Sheria inamtaka mwanafunzi awe amemaliza mpango wa masomo wa ngazi ya juu wa jimbo, wenye miaka minne ya hisabati ikiwamo Aljebra ya Pili, na miaka minne ya sayansi, au awe amefikia kiwango kilichowekwa katika SAT au katika ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo. Hapa jumuiya yetu ina familia nyingi kutoka Kivu, ambazo watoto wao walisoma katika kambi za wakimbizi, wengine kwa Kifaransa, wengine kwa Kiswahili, na wakifika hapa huwekwa katika hisabati ya chini kwa sababu ya Kiingereza, wala si kwa sababu ya hisabati. Jumamosi moja, katika ukumbi tunaokutania kuwasaidia vijana kujaza fomu, kijana wa darasa la 11 alimaliza ukurasa mzima wa milinganyo ya kipeo cha pili kabla sijamaliza kumwandikia jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Shuleni alikuwa anasoma Aljebra ya Kwanza. Kwa mtoto kama huyu ni lazima mtu mzima aende shuleni mwenyewe, si kwa simu, aombe apimwe upya, na aulize pia masomo aliyosoma nje yanahesabiwaje katika nafasi yake, kwani kila wilaya ya shule ina utaratibu wake.

Na wakati unakwenda mbio kuliko tunavyodhani. Maombi hupelekwa mwanzoni mwa darasa la 12, kwa hiyo nafasi inayoangaliwa kwa kawaida ni ile iliyopangwa mwishoni mwa darasa la 11. Sisi tumezoea mtihani mmoja wa mwisho. Mtanzania anawaza kidato cha sita na miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Mkenya anawaza mtihani wa KCSE na alama za kundi la masomo zinazotumiwa na KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, Mkongo anawaza Mtihani wa Taifa. Katika mifumo hiyo mtoto aliyelegea kidato cha tatu anaweza kujifungia miezi sita akajiokoa. Hapa hakuna miezi sita ya mwisho. Yaliyofanyika darasa la tisa yameingia kwenye hesabu na hayatoki.

Neno kuhusu fani. Kukubaliwa chuoni na kukubaliwa katika fani ni mambo mawili, na sheria inamhakikishia mtoto lile la kwanza tu. Aliye katika asilimia 5 atapata Austin, lakini uhandisi, biashara, sayansi ya kompyuta na uuguzi vinachagua wenyewe, na anaweza kujikuta amepokelewa katika fani ambayo hakuiota. College Station nayo huwaingiza wahandisi kwa pamoja mwaka wa kwanza, kisha wanashindana kwa alama za chuo ili kupata tawi wanalolitaka. Hapa ndipo SAT inapopata kazi yake halisi. Austin ilirudisha sharti la SAT au ACT kwa wanaoanza mwaka 2025 na kuendelea, na hata aliyekwisha kuhakikishiwa chuo anahitaji alama hizo anapogombea fani. Kwa hiyo simwambii mtu apuuze mtihani. Ninachosema ni kwamba ufanywe kwa sababu yake, na wazazi wajue kuwa jimbo huzilipia wilaya za shule gharama za kumfanyisha kila mwanafunzi mtihani huo mara moja, hivyo kabla ya kutoa fedha mfukoni ni vizuri kuuliza shuleni.

Kwa mtoto aliye nje ya asilimia inayotakiwa, wapokeaji husoma faili zima: masomo aliyochagua, insha, kazi alizofanya, mazingira aliyotoka. Zuio la kesi ya Hopwood liliondoka baadaye, lakini tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023 rangi ya mwombaji haizingatiwi tena kama kigezo, ingawa mwombaji hajakatazwa kueleza maisha yalivyomjenga. Na hapa watoto wetu wanajipunja kwa adabu. Nimesoma orodha za shughuli ambazo mtoto ameandika "kwaya" na "mpira", basi. Nikimuuliza anafanya nini akitoka shule, anasema anawapokea wadogo zake watatu kituo cha basi, anawapikia, anawasaidia kazi za shule hadi mama arudi saa nne usiku. Na kila mwezi anakosa nusu siku ya masomo kwenda kumkalimania bibi yake hospitalini. Anayaona hayo kuwa ni maisha ya nyumbani, mambo ambayo mtu hajisifii mbele ya wageni. Kwenye fomu hayo ni majukumu ya familia, yana saa zake kwa wiki, na yanapaswa kuandikwa kwa ukweli wake bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

Njia za kando zipo, nazo zina heshima yake. Austin kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa kumruhusu aliyekosa aanze katika chuo kingine cha mfumo wa UT, kama Arlington, San Antonio au El Paso, na akimaliza masomo ya saa 30 za hesabu ya chuo, yaani kama ya mwaka mmoja, kwa wastani wa 3.2 kati ya 4, ahamie kwao katika fani za sanaa na jamii. Vyuo vya jamii navyo vinafundisha masomo ya msingi ya saa 42 ambayo vyuo vyote vya umma vya Texas vinapaswa kuyatambua yakikamilika. Prairie View A&M, kilichoanzishwa 1876, na Texas Southern hapa Houston ni vyuo vya umma vyenye historia kubwa ya kuwasomesha watu Weusi, na sielewi kwa nini wazazi wetu wanavitaja kwa sauti ya chini.

Ukazi nao uangaliwe mapema, kwa sababu karo ya asiyehesabiwa kuwa mkazi inaweza kuwa mara tatu au zaidi ya ile ya mkazi. Maswali ya ukazi katika fomu ya maombi yasijazwe na mtoto peke yake usiku wa mwisho. Nimeona binti aliyeishi Texas miaka saba akihesabiwa kuwa mgeni kwa sababu alijibu kimakosa swali la muda ambao mzazi wake ameishi hapa. Kuhusu fedha, mfumo wa UT umetangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 wanafunzi wakazi wanaotoka katika familia zenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, wanaosoma muda wote na kutimiza masharti, hawatalipa karo wala ada za lazima. Mzazi anayemzuia mtoto kuomba kwa kudhani hataweza kulipa asome kwanza tangazo hilo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni moja. Gazeti lako husomwa misikitini, makanisani na katika saluni za akina mama hapa Houston na Dallas, na mwanzo wa kila mwaka wa shule mnachapisha orodha ya vifaa vya kununua. Naomba pembeni ya orodha hiyo mweke kiwango cha Austin kwa mwaka huo na kile cha vyuo vingine, masomo yanayotakiwa na sheria, na tarehe za mwisho za maombi, ambazo kwa Austin na College Station zimekuwa tarehe 1 Desemba. Nitakuwa tayari kusaidia kuyaandaa.

Binti yangu mdogo anaingia darasa la tisa mwaka huu. Karatasi yake ya kuchagua masomo, ya njano kama ile ya dada yake, iko mbele yangu ninapoandika. Shule ilikuwa imetia alama kwenye Jiometri ya kawaida. Tumekaa naye mezani jana jioni, dada yake akiwa kwenye simu kutoka College Station, tumeifuta alama hiyo na kujaza ya ngazi ya juu, na kesho asubuhi naipeleka mwenyewe.

Mzazi wa Kitanzania,
Houston, Texas